Korongo aliyewajua watu tu: uchambuzi wa kisa kimoja cha korongo taji

Kisa hiki ni cha korongo taji aliyekuzwa kwenye gesti moja kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kisumu, na cha sisi tuliojaribu kumrudisha porini tukashindwa. Nilikuwa mmoja wa watu wanne walioamua karibu kila jambo nitakaloeleza. Majina ya watu, ya gesti, ya kijiji na ya kituo alipohifadhiwa nimeyaondoa, na baadhi ya nyakati nimezisogeza kidogo. Jina la ndege nimeliacha jinsi lilivyokuwa. Wafanyakazi wa gesti walimwita Soja, kwa sababu kila mgeni alipofika getini yeye ndiye aliyetangulia kupiga kelele.

Nawaandikia wapenzi wa ndege wenzangu wa Nakuru, Kisumu, Eldoret na Kitale, ambao hupigiwa simu na kuambiwa, "Kuna korongo kwenye hoteli fulani, njooni mumfungulie."

Usuli

Duniani kuna aina 15 za korongo wa ukoo huu. Wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani ni wawili tu: korongo taji wa kijivu, ambaye ndiye wetu, na korongo taji mweusi, anayepatikana zaidi kuanzia Afrika Magharibi hadi Sudan na Ethiopia. Kwenye bustani za wanyama watu huwachanganya kila siku. Mtazame shavu. Wa kijivu ana shavu jeupe lenye kipande chekundu juu yake, shingo ya kijivu hafifu, na ngozi nyekundu inayoning'inia kooni. Mweusi ana shavu lililogawanyika, jeupe juu na jekundu chini, na shingo yake ni nyeusi. Aliyetuarifu kuhusu Soja alisema ni "korongo mweusi", na tulipoteza siku mbili tukibishana alitoka wapi. Picha moja ya shavu ingemaliza ubishi huo.

Kati ya korongo wote ni hawa wawili tu wanaolala juu ya miti, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu na kinaweza kushika tawi. Hutaga kwenye kinamasi, juu ya kitanda cha matete na ndago walichokikanyaga wenyewe, kwa kawaida mayai mawili au matatu. Huyaatamia kwa takriban mwezi mmoja. Kinda akianguliwa hakai kiotani kusubiri kulishwa kama njiwa. Siku moja au mbili tu na yuko majini akifuata miguu ya wazazi wake. Huchukua miezi miwili hadi mitatu na zaidi kabla hajaweza kuruka, na katika muda huo wote mtoto yeyote mwenye mbio anaweza kumkamata.

Mwaka 2012 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwingiza korongo taji wa kijivu kwenye daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu tunaziona kwa macho huku kwetu: vinamasi vinakaushwa ili papandwe mahindi na viazi, nyaya za umeme zinavunja mabawa, sumu inawekwa mashambani, na makinda yanachukuliwa. Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyamapori bila kibali. Wanaomfuga korongo, wengi wao hawalijui hilo. Wanaona ndege mzuri, mpole, anayetembea uani kama mwenye nyumba, na wanampenda.

Jinsi Soja alivyofika gestini

Vijana wawili waliokuwa wakikata matete kwenye kinamasi cha nyanda za juu walikuta makinda wawili wakiwa na umri wa kama wiki moja. Waliwabeba kwenye katoni, juu ya bodaboda, hadi mjini. Mwenye gesti, mzee mstaafu mwenye roho nzuri, alilipa shilingi 1,500 kwa wote wawili.

"Mimi niliwaokoa, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza tulipokutana. "Wale vijana wangewala."

"Naamini, mzee. Ndiyo maana tumekuja kwako kwanza."

Makinda waliwekwa kwenye kibanda cha kuku, juu ya majani makavu yaliyokuwa yamenyeshewa. Wiki ya tatu mmoja akaanza kupumua kwa mdomo wazi, akafa. Maiti haikupasuliwa, lakini daktari wa mifugo aliposikia maelezo alishuku ukungu wa majani yale, ambao humea kwenye mapafu ya ndege wadogo. Aliyebaki akahamishiwa ndani, kwenye chumba cha mtunza bustani.

Mtunza bustani ndiye aliyemlea. Alimlisha chakula cha vifaranga, kisha omena waliopondwa, panzi, na makombo ya ugali. Alitembea naye bustanini kutwa nzima akifyeka na kumwagilia, na nadhani matembezi hayo ndiyo yaliyoiokoa miguu yake. Kinda wa korongo akilishwa chakula chenye protini nyingi huku amefungiwa, hunenepa upesi kuliko mifupa yake inavyoweza kubeba, na miguu hupinda. Miguu ya Soja ilikuwa imenyooka kama fimbo.

Alipoanza kujaribu kuruka, manyoya yake ya kurukia yalikatwa kwa mkasi wa cherehani, mabawa yote mawili.

Uamuzi wa kwanza: kwenda kimya kimya

Taarifa ilitufikia Soja akiwa na miezi kama kumi. Mwenzetu mmoja alitaka twende na askari na kamera siku hiyo hiyo. Tulikataa, na katika kisa hiki chote huo ndio uamuzi ninaoutetea bila kusita. Ndege mwenye thamani akisikika anatafutwa, huhamishwa usiku, na baada ya hapo hutamwona tena. Tulimjulisha afisa wa wanyamapori wa eneo, tukakubaliana kwamba watu wawili watangulie kuzungumza na mzee, naye afike siku ya tatu.

Mzee hakupinga. Alikuwa na swali moja tu: "Wageni wangu sasa wataona nini?" Hatukuwa na jibu. Nitalirudia swali hili.

Tulipokuwa tukimpima Soja, mtunza bustani alisimama kando na ovaroli yake ya bluu, mikono mfukoni. Akasema maneno haya, ambayo nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu yamenisumbua tangu siku hiyo:

"Huyu hajawahi kuona mwenzake. Hata wakipita juu wakilia, hainui kichwa. Ila mimi nikitoka ndani, anaruka ruka."

Tulitabasamu. Kwenye fomu tuliandika uzito, hali ya miguu, na idadi ya manyoya yaliyokatwa.

Uamuzi wa pili: karantini, na kusubiri manyoya

Alipelekwa kwenye kituo cha kuhifadhi wanyama, akawekwa peke yake siku thelathini, mbali na kuku. Kinyesi kikapimwa minyoo na vijidudu vya kuhara. Alikuwa na minyoo, akatibiwa. Mpaka hapo kazi ilikwenda kama inavyotakiwa, maana ndege aliyeishi na kuku anaweza kupeleka mdondo kwenye kundi zima la porini.

Kisha tukaingia kwenye suala la mabawa. Unyoya uliokatwa si kama ukucha: haurudi mpaka shina lake lidondoke lenyewe na jipya liote. Tofauti na hilo ni bawa lililokatwa kiungo cha mwisho, jambo lililofanywa kwa miaka mingi kwenye bustani za wanyama nyingi duniani, ambalo halina marejeo. Soja alikuwa amekatwa manyoya tu, na tulishukuru sana. Mmoja wetu alipendekeza yale mashina yang'olewe ili mapya yaote haraka. Daktari alikataa: kung'oa kunaumiza, na shimo la unyoya likiharibika, unyoya hautaota tena au utaota umepinda. Tukaamua kusubiri.

Tulisubiri miezi tisa. Kila Jumamosi nilikuwa nafungua bawa lake na kuhesabu. Unyoya mpya hutoka umefungwa kwenye ala ya kijivu iliyojaa damu, kama ncha ya kalamu, kisha ala hupasuka na unyoya hujikunjua. Mwezi wa nne tulikuwa na manyoya matatu upande wa kushoto na mawili kulia. Mwezi wa saba, sita na saba. Siku ambayo mlinzi alimkuta asubuhi amelala juu ya gogo tuliloliegemeza ukutani, futi sita kutoka chini, tulipigiana simu kama watu waliopata mtoto.

Miezi hiyo tisa yote alikuwa peke yake kizimbani. Aliowaona ni watu: mlinzi, daktari, mimi na wageni wa Jumapili. Na mtu aliyemletea chakula kila asubuhi alikuwa amevaa ovaroli ya bluu, kwa sababu ndiyo sare ya wafanyakazi wa kituo kile.

Uamuzi wa tatu: kumwachia

Tulichagua kinamasi cha nyanda za juu, upande wa Trans Nzoia, ambako korongo wapo mwaka mzima na wakulima wanawafahamu. Ni eneo lile lile la nchi lenye Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, iliyotengwa kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasini, lakini yenye korongo pia. Kundi la korongo kama ishirini lilikuwa likila kwenye mabua ya mahindi yaliyovunwa. Tuliona panafaa: chakula kipo, kundi lipo, maji yapo.

Tulifungua sanduku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Soja alitoka, akajinyoosha, akaruka. Aliruka vizuri mno, mita kama mia mbili juu ya matete, mabawa yakipiga meupe, na mwenzangu akalia. Akatua katikati ya matete na lile shamba la mabua lenye kundi.

Kwa siku mbili alikaa hapo katikati. Wale wa porini walimkaribia mara kadhaa, na kila walipopiga hatua alirudi nyuma. Mara moja mmoja wao alimfukuza akiwa ametanguliza mdomo. Tukasema atazoea.

Siku ya tatu, asubuhi, alipita kijana mchungaji na ng'ombe wanne. Alikuwa amevaa ovaroli ya bluu. Soja alimwona kutoka mbali, akaja kwa miguu, akiliacha kundi lote nyuma yake. Alisimama mita tatu mbele ya yule kijana, akainamisha kichwa mpaka taji likagusa nyasi, akafungua mabawa, akaruka juu mara mbili, kisha akang'oa kitita cha nyasi akakirusha hewani. Mwenye kuwajua korongo anaujua mchezo huo. Ndio wanaochezeana wanapotafuta mwenza. Kijana alicheka, akamrushia kipande cha hindi.

Kuanzia hapo hatukumwona tena kinamasini. Siku ya tano alikuwa kwenye uwanja wa shule, siku ya nane kwenye mashine ya kusaga unga, akila mahindi yaliyomwagika kati ya miguu ya akina mama. Siku ya kumi na moja mbwa walimvamia. Akina mama wakawatimua kwa miiko na debe, wakamfungia ndani ya stoo, wakatupigia simu. Tulimchukua akiwa amepoteza ncha ya kidole kimoja na manyoya ya mkia.

Uamuzi wa nne: kutomwachia tena

Wawili kati yetu walitaka tumjaribu tena kwenye kinamasi cha mbali zaidi na watu. Nilipinga. Magharibi mwa Kenya hakuna kinamasi kisicho na watu. Hata Yala, pamoja na ukubwa wake, imezungukwa na mashamba na vijiji. Ndege anayewatafuta watu atawapata.

Kipimo cha damu kilikuwa kimeonyesha kwamba Soja ni jike. Kwa macho huwezi kujua, dume na jike hufanana. Kituo kingine kilikuwa na dume aliyevunjika bawa kwenye nyaya za umeme akiwa mtu mzima, ndege wa porini hasa, asiyeweza kuruka tena. Tuliamua Soja apelekwe huko kuishi maisha yake yote, kwanza wakitenganishwa na wavu kwa wiki sita, kisha waishi pamoja.

Uchambuzi

Kosa letu halikuwa la siku ya kumwachia. Tulilifanya siku ya kwanza, kwenye fomu. Mtunza bustani alitutajia ugonjwa wenyewe kwa maneno yake, nasi tukaandika habari za manyoya. Kinda wa korongo hazaliwi akijua yeye ni korongo. Hujifunza kwa kumfuata yule anayemlisha na kumwongoza katika wiki zake za mwanzo, na sura hiyo ndiyo atakayoitafuta atakapotaka mwenza. Soja alijifunza ovaroli ya bluu.

Hili si jambo geni kwa watu wa bustani za wanyama. Mwaka 1967 kinda wa kike wa korongo mweupe wa Marekani, aliyeitwa Tex, alianguliwa kwenye bustani ya wanyama ya San Antonio, Texas, akalelewa na watu. Alipokomaa hakumtaka dume yeyote. George Archibald, aliyeanzisha pamoja na Ron Sauey mfuko wa kimataifa wa korongo huko Baraboo, Wisconsin, mwaka 1973, alilazimika kucheza naye ngoma ya korongo misimu kadhaa ili akubali kutaga, huku akiwekewa mbegu za dume kwa mrija. Mwaka 1982 yai moja likaanguliwa. Miaka ya karibuni kulikuwa na Walnut, korongo wa aina nyingine kutoka Asia, aliyeishi kwenye kituo cha Smithsonian huko Front Royal, Virginia. Alimchagua mtunzaji wake, Chris Crowe, kuwa mwenza, na akabaki hivyo hadi alipokufa Januari 2024 akiwa na miaka 42. Ndiyo sababu vituo vinavyolea makinda wa kuachiwa huwavika watunzaji kanzu inayoficha umbo la mtu, na huwalisha makinda kwa mkono uliovishwa kichwa cha bandia cha korongo. Hakuna anayezungumza mbele yao. Mimi nilikuwa nazijua habari hizi zote. Nilidhani ni mambo ya Wisconsin.

Tulikuwa tumetiwa moyo pia na Rwanda, ambako tangu mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na wenzake wamewaandikisha korongo waliokuwa wakifugwa majumbani na hotelini, na wengi wakarudishwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera. Tuliiga nusu ya kazi yao. Kule wasiofaa kurudi porini hutengwa na kupewa makao yao, Umusambi Village, mjini Kigali. Sisi hatukuwa na swali lolote la kumtenga anayefaa na asiyefaa, isipokuwa "je, anaruka?"

Miezi tisa ya upweke ndiyo inayoniuma kuliko yote. Sidai kwamba kumweka na korongo wenzake akiwa na miezi kumi kungeliondoa lililokwisha kuingia. Lakini dume yule wa bawa lililovunjika alikuwapo tayari, umbali wa saa tatu kwa gari, na hakuna aliyefikiria kuwaweka pamoja, kwa sababu kila mmoja alihesabiwa kuwa mgonjwa wa aina yake.

Kilichofanya kazi ni hiki: mzee hakuaibishwa, kwa hiyo alitueleza walikotoka makinda, na vijana wale walipatikana na kuzungumza nasi bila kukimbia. Sasa wakikuta kinda wanajua kwamba wazazi wake wako kwenye matete ya jirani wakisubiri mtu aondoke, na kwamba msaada pekee anaouhitaji ni huo wa kuondoka. Na lile swali la mzee kuhusu wageni wake, tuliloliacha bila jibu, lilijijibu vibaya. Gesti ya jirani ilinunua kinda wake mwaka uliofuata. Taarifa ilitufikia siku ya nne tangu anunuliwe. Safari hii tulimchukua usiku huo huo, tukamrudisha kwenye kinamasi alikotolewa kabla ya jua kuchomoza, na kutoka juu ya kichuguu tukaona wazazi wakija.

Fomu yetu sasa ina maswali matatu mapya juu ya lile la mabawa: alichukuliwa akiwa na umri gani, nani alimlisha, na anafanya nini korongo wengine wakipita angani.

Alipo sasa

Soja anaishi na yule dume. Hawajachezeana hata mara moja. Mtunzaji wa pale ameacha ovaroli, anavaa koti la kijivu, na chakula anakipitisha kwenye mlango mdogo bila kuonekana. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku, akinong'ona. Walikuwa wamelala kwenye gogo moja, Soja upande wa mlango, dume upande wa ukuta, hatua mbili katikati yao.